Tundu la Milimita Moja

Thika ni mji wa viwanda, na mitaa yake inakijua chuma. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike kupanuliwa mwaka 2012, nyumba za kupangisha zimeota kuanzia Ruiru hadi ng'ambo ya mto Chania. Kila ploti inataka geti, na kila mwenye ploti anataka geti lisilofanana na la jirani. Ndiyo maana mtaani Kiganjo utamkuta fundi aliyeweka kando mitungi ya gesi na kununua mashine ya plazma ya ampea 40, ambayo siku hizi anaitumia kukata majani ya mgomba, simba na majina ya koo kwenye mabamba ya chuma ya milimita sita.

Hataki jina lake liandikwe. Vijana wake wawili humwita Mzee, nami nitamwita hivyo hivyo. Wapita njia husimama kutazama cheche zake, kisha huenda zao. Kilichonikalisha mimi kwenye kigoda ni ule muda mrefu anaoutumia kabla ya cheche, na ule mwingine unaofuata baadaye, ambao hakuna mteja anayefikiri kwamba anaulipia.

Kazi inaanzia kwenye kompresa. Kabla hajagusa kitu kingine, Mzee anainama chini ya tangi na kulegeza koki. Maji ya rangi ya kutu yanaruka, yanapungua, yanadondoka, mwishowe inabaki hewa tupu inayopiga mluzi. Msimu wa mvua za Aprili maji huwa mengi zaidi. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na ikipoa ndani ya tangi huachilia unyevu wake. Unyevu huo ukifika kwenye tochi hula vipuri kabla ya wakati wao na kuufanya moto ukohoe. Kati ya tangi na mashine kuna machujio mawili, moja la maji na jingine la mvuke wa mafuta ya kompresa. Hayaamini hivi hivi. Anachomoa mpira wa hewa, anaweka kitambaa cheupe mbele yake na kuacha hewa ikipige kwa muda, kisha anakigeuza kitambaa kwenye mwanga na kukikagua. Kikiwa na doa, kazi haianzi.

Halafu anaweka kipimo cha hewa kwenye baa 5, na anakisoma mara mbili: mara ya kwanza hewa ikiwa imetulia, mara ya pili ikiwa inapita. Mpira mwembamba au ulioungwa-ungwa unaweza kuonyesha baa 5 ukiwa umefungwa na kushuka hadi 3 hewa inapotembea, na kwenye tochi hii hewa ndiyo kila kitu. Hewa hugeuka plazma inayoyeyusha chuma, husukuma chuma kilichoyeyuka kitoke chini ya mkato, na hewa hiyo hiyo hupoza tochi isije ikayeyuka yenyewe. Tochi ya ukubwa huu haina maji wala feni. Ina pumzi ya kompresa tu.

Anaifungua kichwani ili nione. Sehemu ni tano, naye anazipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule atakaozirudisha. Ya kwanza ni elektrodi, kipande cha shaba nyekundu kinachotoshea katikati ya vidole viwili, chenye mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka mwili wake ili hewa ipate eneo kubwa la kubebea joto. Kwenye ncha yake bapa kuna kitone cha kijivu. Hicho ni hafniamu, na tao lote la umeme husimama juu ya kitone hicho. Ya pili ni pete yenye vitundu vidogo ubavuni. Ya tatu ni nozeli, nayo ni shaba safi, yenye tundu la takriban milimita moja. Ya nne ni kofia ya kukaza, isiyopitisha umeme, na ya tano ni ngao ya mbele.

Macho yake yanatua kwanza kwenye kitone cha hafniamu. Kila mara tao linapowaka, uso wa kitone huyeyuka kidogo. Linapozimika, chembe zake hurushwa. Kwa hiyo kitone huchimbika, mwanzo kwa kina cha kutoonekana, mwishowe kama kishimo unachokihisi kwa ncha ya pini. Mzee hupima kishimo hicho kwa pini hiyo. Kikikaribia kina cha milimita moja na nusu, elektrodi hiyo haingojwi imalize geti lililoanzwa. Hafniamu ikiisha, tao huhamia kwenye shaba, na shaba huondoka yote kwa kufumba na kufumbua, mara nyingi ikiandamana na nozeli na wakati mwingine na kichwa cha tochi.

Nozeli anaielekeza juani na kuchungulia. Tundu linatakiwa liwe duara kamili. Likipinda upande mmoja kidogo tu, moto hupinda nalo, na ukingo wa bamba hutoka ukiwa umelala. Hachomeki msumari ndani ya tundu ili kulisafisha, kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wengine, kwa sababu mkwaruzo mmoja unatosha kuliharibu duara. Pete anaipuliza, anaikagua isiwe na ufa, na kuhakikisha vitundu vyake vyote vinapitisha mwanga.

Vitundu hivyo vimetobolewa kwa mshazari, havielekei katikati, na kwangu mimi huo ndio ubunifu mkubwa kuliko wote katika chombo hiki. Katikati ya tundu la nozeli hupita moto wa nyuzi 20,000 za Selsiasi na zaidi. Kuta za tundu ni shaba, nayo shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ukipiga hesabu kwenye karatasi, nozeli haina haki ya kudumu hata sekunde moja, lakini ya Mzee inamaliza kazi na nyingine. Siri ni kwamba hewa inaingia ikizunguka. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, na kama maji kwenye ndoo inayozungushwa kwa kamba, iliyo nzito hukimbilia ukutani. Basi kati ya tao na shaba hubaki utando mwembamba wa hewa ambayo haijageuka plazma. Utando huo unazuia joto. Vilevile unazuia umeme, kwa kuwa hewa ambayo haijawa plazma haiupitishi. Na kwa kulibana tao kutoka pande zote unalifanya liwe jembamba na kali zaidi. Sehemu nyingine ya hewa hupita nje ya nozeli, chini ya ngao, ikiipoza shaba kwa mgongoni.

Utando ukivunjika, tao hugawanyika mara mbili: huruka kutoka elektrodi hadi nozeli, kisha kutoka nozeli hadi bamba. Hausikiki mlipuko wowote. Husikika mlio mkavu tu, na ukifungua kofia unakuta tundu limekuwa na umbo la tone la machozi. Utando unaweza kuvunjika kwa hewa kidogo, kwa ampea nyingi kuliko nozeli inavyostahimili, au kwa kuikandamiza nozeli isiyo na ngao kwenye bamba. Yote matatu yanatokana na mkono wa fundi, na ndiyo maana Mzee anaanza na koki ya tangi.

Wazo la kulibana tao kwenye tundu la shaba lilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1957, kwa jina la Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide. Tochi za wakati huo zilitumia elektrodi za tangsteni na gesi za bei kama argoni, si hewa. Tangsteni huvumilia joto hadi nyuzi 3,400 hivi, lakini ikikutana na oksijeni huungua, na oksaidi yake huyeyuka mapema mno. Hewa ya bure ilikuwa na oksijeni ndani yake. Hafniamu ina tabia ya kinyume: yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 2,230 hivi, lakini oksaidi yake huhimili zaidi ya nyuzi 2,700, kwa hiyo katika oksijeni hujivika ngozi inayoilinda. Bila kitone hicho, fundi wa Kiganjo angekuwa bado ananunua mitungi. Na mitungi ya oksijeni na asetilini, pamoja na gharama yake, haikati chuma cha pua wala aluminiamu, kwa sababu moto wa gesi hutegemea chuma chenyewe kuungua. Plazma haichagui; metali ikiwa inapitisha umeme, inakatika.

Mzee sasa anarudisha sehemu moja moja. Anakaza kofia kwa vidole, hatumii spana. Anaponiona nikitazama, anailegeza nusu mzunguko na kumpa kijana mmoja tochi. Kijana anabonyeza. Kimya. Taa ya manjano inawaka usoni mwa mashine.

“Mzee, imegoma.”

“Kaza kofia.”

Kijana anakaza, taa inazimika, hewa inavuma. Ndani ya kichwa cha tochi kuna pini mbili ndogo ambazo kofia huziunganisha ikikaa mahali pake. Kofia ikilegea, njia hiyo hukatika na mashine haitoi umeme hata ubonyeze mpaka jioni. Sababu yake si ndogo. Mashine ya kawaida ya kuchomelea, kabla ya kugusisha fimbo, huwa na volti zisizofika mia moja au zinazoizidi kidogo. Hii ina zaidi ya 200, na nyingine hukaribia 300, na mkono wa fundi uko sentimita chache kutoka hapo. Mtu anayebadilisha nozeli hushika kwa vidole mahali hasa ambapo umeme huo hutokea. Kuna walinzi wengine wa aina hiyo: swichi ya hewa inayokataa kuwasha tao hewa ikipungua, na kizuizi cha plastiki juu ya kitufe ambacho lazima ukinyanyue kwanza ndipo kitufe kishuke, ili tochi iliyoangushwa sakafuni au iliyokaliwa isijiwashe.

Pini hizo huchafuka na kusumbua. Kwenye rafu ya Mzee kuna tochi ya mtu iliyoletwa matengenezo, na ndani yake waya mbili za pini zimeunganishwa kwa solda ili mashine isikatae tena. Kazi nadhifu, nilidhani. Mzee alizikata waya hizo kwa koleo kabla hajaulizia kingine chochote kuhusu tochi hiyo, na akasema bei yake itajumuisha kichwa kipya, mwenyewe apende asipende.

Sasa bamba. Kibano cha kurudishia umeme kinabanwa kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae, juu ya bamba lenyewe, si kwenye mguu wa meza. Mchoro umeshapigwa chaki: jani lenye mishipa, refu kuliko mkono. Ukiufuata kwa kidole utaona hakuna mahali ambapo mstari unakatika bila sababu. Ameuchora hivyo kwa makusudi. Kila kuwasha na kila kuzima hula hafniamu, hivyo jani linalokatwa kwa mvuto mmoja ni nafuu kuliko jani lile lile likikatwa vipande vipande. Kwa sababu hiyo hiyo hawashi tochi hewani kuwafurahisha watoto wa mtaa, ingawa wanaomba kila siku baada ya shule. Tao la hewani hupiga nozeli tu, halikati kitu.

Anashusha kinyago chenye kioo cha namba 8 na kubonyeza. Elektrodi na nozeli zimekuwa zikigusana. Hewa inaingia na kuisukuma elektrodi nyuma, na pale zinapoachana cheche huzaliwa. Hewa huitoa nje ya tundu kama ulimi mfupi wa buluu. Ulimi huo ukilifikia bamba, umeme hupata njia fupi zaidi, mashine huitoa nozeli kwenye njia hiyo, na tao zima huhamia kwenye chuma. Yote hayo ni chini ya muda wa kupepesa jicho. Hakuna sauti ya redio iliyoharibika kwa jirani, kwa vile tochi hii haitumii masafa ya juu kuwashia kama zile za zamani.

Pa kuanzia si kwenye mstari. Anatoboa pembeni, kwenye chuma kitakachotupwa, akiwa ameilaza tochi ili matone ya kwanza yaruke mbali na nozeli. Chuma kikishatoboka anaisimamisha wima taratibu, kisha anaingia kwenye chaki. Kuanzia hapo macho yake hayako kwenye mwanga bali chini ya bamba, kwenye mkia wa cheche. Mkia ukishuka karibu wima, ukirudi nyuma kidogo tu, mwendo ni sawa. Ukilala sana nyuma, anakimbia na chuma hakikatiki hadi chini. Ukielekea mbele, anachelewa, na mavi ya chuma yatajikusanya ukingoni, manene, ya kugongwa kwa nyundo. Kwenye kona za mishipa mkono unapunguza mwendo bila kusimama. Mabega hayasogei kabisa; kinachotembea ni kiuno na magoti.

Anaachilia kitufe. Tao linakufa, lakini hewa inaendelea kuvuma kwa sekunde kumi, ishirini, zaidi kidogo. Mzee hasogei. Tochi imeelekezwa pembeni, mkono umetulia, anasubiri pumzi hiyo iishe. Shaba ya ndani bado ina joto la kutosha kujidhuru yenyewe, na hewa hii ya mwisho ndiyo inayoiondoa. Kijana wa pili, mgeni wa wiki chache, alinyoosha mkono kuzima swichi ya ukutani.

“Wacha ipumue,” Mzee alisema, bila kugeuka.

Mashine nayo ina mapumziko yake. Kibao cha ubavuni kinasema asilimia 60 kwa ampea 40, maana yake dakika sita za kukata katika kila kumi, na kipimo hicho kwa kawaida huhesabiwa kwa hewa ya nyuzi 40. Chini ya mabati ya Kiganjo saa saba mchana, nyuzi hizo si hadithi. Ikizidisha, kihisi cha joto huikata yenyewe na feni huachwa ikizunguka. Sijaona mashine ya Mzee ikifikishwa hapo. Dakika nne za kupumzisha anazitumia kupiga chaki jani linalofuata, kugonga mavi ya chuma, au kunywa chai. Anayetazama kutoka barabarani atadhani anapoteza muda.

Viwandani, tochi za ampea 200 na zaidi haziwezi kuishi kwa pumzi tu. Hizo hupozwa kwa maji yanayosukumwa na pampu, na ndani ya elektrodi yenye uwazi huingia mrija mwembamba unaoyamwaga hasa mgongoni mwa hafniamu, kisha yanarudi kupitia pembeni. Si maji ya mfereji wala ya mto Chania. Hupita sehemu zenye volti kubwa, kwa hiyo lazima yawe yameondolewa chumvi ili yasipitishe umeme, na mara nyingi huchanganywa na glaikoli. Swichi ya mtiririko hulinda: maji yakipungua, tao halizaliwi. Mmarekani Dick Couch, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Hypertherm mwaka 1968, alikwenda mbali zaidi, akayaingiza maji ndani ya nozeli yenyewe kulizunguka tao. Mzee amewahi kufanya kazi kwenye mashine kubwa za namna hiyo. Anazisifu, lakini kwa geti anapendelea yake, kwani hitilafu yake anaweza kuisikia kwa sikio.

Kuna hatari ambazo hakuna pini inayoziona, na hizo ziko mikononi mwake peke yake. Mabati yaliyopakwa zinki anayakata nje, akisimama upande upepo unakotoka, kwani moshi wake huleta homa ya jioni yenye baridi na kichwa kuuma. Mafundi wengi wa kwetu huinywea maziwa. Maziwa ni mazuri kwa njaa, lakini hayafiki kwenye mapafu. Chuma cha pua ni kibaya zaidi kwa sababu ya kromiamu, na hapo huvaa barakoa ya chujio hata akiwa nje. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Vijana wake wana glavu za ngozi, aproni na vizibo vya masikio, na hamna anayegusa kitufe bila hivyo.

Alasiri aliingia mteja na pipa la lita 200 begani mwa hamali. Alitaka likatwe katikati, apate majiko mawili ya nyama choma. Lilikuwa limefungwa, na ukilitikisa lilikuwa tupu.

“Lilikuwa na nini?” Mzee aliuliza.

“Thina. Lakini limekauka zamani, baba.”

Mzee alifungua kizibo, akasogeza pua mara moja, akakirudisha. Mvuke uliobaki kwenye pipa tupu hulipuka vibaya kuliko pipa lililojaa, kwa sababu ndani yake kuna hewa ya kuungulia. Alimweleza hivyo kwa upole. Mteja alisema kule mbele wanakata kwa grenda bila maswali. Mzee alimjibu kwamba grenda nayo hutoa cheche, akamwonyesha mapipa mawili ya mafuta ya kula yaliyoshafunguliwa kifuniko chote na kuoshwa, akamtajia bei. Walibishana kidogo. Mwishowe yule mtu alichukua moja, akaliacha lile la thina nje ya banda kwa chuma chakavu, na Mzee akamtuma kijana alisogeze upande wa pili wa barabara, mbali na cheche, kabla ya kuishika tochi tena.